Mguu wa Kushoto wa Baba

Nyumbani,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, 8 Juni, mchana.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu wewe, wifi yangu na watoto. Kikohozi chako kimekuacha, au bado mnalala watatu kitanda kimoja? Nimesikia wifi amepandishwa cheo kazini. Mpe hongera zangu, na umwambie cheo hakimkatazi mtu kumpigia simu wifi yake.

Sisi huku hatujambo, kwa yale ya kuulizana njiani. Tunakula, tunalala, cherehani inazunguka. Mama alishikwa na homa wiki hii lakini ameshapona, na ameanza tena kugombana na kuku wa jirani, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Shemeji yako bado analinda lile ghala, usiku macho, mchana fofofo. Hata sasa anakoroma chumba cha pili.

Najua utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwamba simu ndani ya nyumba hii haina siri. Sukari imemshika Baba miguu, masikio imemwachia mazima kabisa. Barua hii atakuletea jirani yetu muuguzi, anayesafiri kuja huko Jumatano. Isome peke yako kwanza, halafu umsomee wifi.

Nina hofu, mdogo wangu. Naogopa lile gari ulilomnunulia Baba. Naogopa litamuua mtu humu humu uani kwetu, na kila nikifumba macho mtu huyo ni Kitinda wangu, maana ndiye anayefunguaga lango kila asubuhi babu yake anapompeleka shule.

Usidhani nakulaumu. Najua ulivyojinyima kulipata gari lile, na siku lilipofika hapa sisi sote tulivimba vichwa. Wewe ulimuuliza kama anataka la otomatiki, akakucheka. Mtu aliyeendesha malori tangu hatujazaliwa utampaje gari lisilo na klachi? Alilizunguka, akapigapiga matairi kwa ncha ya kiatu, akasema hili ndilo gari, lina gia na ni la dizeli. Wakati ule miguu yake ilikuwa bado yake.

Tangu mwanzoni mwa mwaka akaanza kwenda polepole. Anaingiza gia ya kwanza langoni na kubaki nayo hiyo hiyo mpaka barabara ya lami. Mafuta hakanyagi kabisa, gari linajikokota lenyewe. Watoto wa shule wanalipita kwa miguu, na mmoja aligeuka akampungia mkono wa kwaheri. Mtaani wakambandika jina la Bwana Harusi, eti anakwenda kama aliyebeba maharusi. Yeye anacheka na kuwajibu, “Kawia ufike.” Na mimi nilicheka. Nilijiambia uzee umemtuliza, na afadhali hivyo kuliko alivyokuwa akiturusha kwenye mashimo tulipokuwa wadogo.

Mama naye akawa hambanduki. Baba akienda kwa kinyozi, Mama yumo. Akienda kujaza upepo, Mama yumo. Anakaa kiti cha pembeni yake na kuinamisha kichwa mwendo wote, midomo inachezacheza. Nilidhani anasali. Nilimwonea huruma, nikasema kumbe mume akizeeka hata safari ya dukani inataka maombi.

Halafu klachi ikaungua. Fundi akaweka mpya, nayo haikukaa, ikaungua tena. Baba akavitukana vipuri vya siku hizi, akasema ni karatasi tupu. Lakini nilipompelekea fundi ovaroli aliyonipa nimrekebishie, aliniita pembeni akaniuliza kama Baba ana tatizo la mguu. Alisema klachi haifi namna ile kwa dereva mzoefu. Inakufa hivyo mtu akiwa anaulaza mguu juu ya pedali bila kujua kwamba ameulaza. Nikamjibu kwamba Baba ana sukari, ndiyo, lakini anatembea vizuri tu. Ndivyo nilivyoamini, nikarudi nyumbani kuendelea na vifungo vya watu.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne.

Mama alikuwa kitandani na homa yake. Asubuhi ilikuwa ya baridi, na Baba aliwasha gari akaliacha lingurume kidogo lipate moto kama kawaida yake. Kisha akalisogeza hadi karibu na lango, akasubiri. Lango letu unalijua, linafunguka kwa ndani na komeo lake ni gumu, mtoto lazima aweke begi chini apate kutumia mikono miwili. Mimi nilikuwa hapa hapa nilipokaa sasa, natunga uzi kwenye sindano, na dirisha linatazamana na lango.

Nikaona gari linakuja.

Hata leo siwezi kukueleza vizuri lilivyokuja. Halikuruka, halikupiga kelele. Injini iliendelea na muungurumo wake ule ule, na gari likaondoka mahali pake kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuanika nguo. Ndiyo maana mtoto hakugeuka. Alikuwa amelipa mgongo, anapambana na komeo, na masikioni mwake hakuna kilichobadilika. Mimi mwenyewe kwa sekunde kadhaa nilitulia, nikijua litasimama. Kisha nikaona uso wa Baba kwenye kioo. Hakuwa amesinzia. Alikuwa ameuma meno, mishipa ya shingo imemtoka, amejikaza mwili mzima kama mtu anayesukuma ukuta, na gari bado linakwenda.

Nilipiga ukelele, maneno yake siyajui. Kitinda akageuka, akajirusha pembeni na kujibana kwenye nguzo. Tairi likapita juu ya begi. Bampa ikafika langoni na haikuishia hapo, ikaendelea kusukuma, lango linalia, bawaba zinapinda, mpaka gari likatetemeka lote na kuzima. Kati ya bampa na ile nguzo palikuwa na mwanangu na nafasi ya kupitisha mkono.

Nilimtoa pale nikampapasa mifupa yote kama nakagua kuku wa kununua. Hakuwa na hata mkwaruzo. Alikuwa analilia daftari zake. Baba alikuwa bado ameketi, mikono kwenye usukani. Nikafungua mlango, nikainama, nikatazama chini. Mguu wake wa kushoto haukuwa kwenye klachi. Ulikuwa pembeni yake, umekanyaga sakafu, umekazwa mpaka goti linacheza. Ulikuwa umeteleza kwenye pedali bila yeye kuhisi, na alipoona gari linaondoka alizidi kukanyaga kwa nguvu zake zote, na alichokuwa anakanyaga ni sakafu.

Akaniambia kwa sauti ndogo, “Klachi imekataa.”

“Baba, mguu wako hauko kwenye klachi.”

Akainamisha kichwa akautazama. Aliutazama kama mguu wa mtu mwingine aliyemkalia karibu kwenye benchi.

Hapo Mama akatokea mlangoni amejifunga shuka, anatetemeka, akapaza sauti, “Si nilikwambia usilitoe bila mimi? Nilikwambia!”

Ndipo nilipojua kwamba hakuwa akisali. Mama yetu, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, ndiye amekuwa akiutazama mguu wa Baba kwa niaba ya Baba. Anainama anaangalia pedali na kumwambia kwa sauti ya chini ulipo: “Upo juu. Kanyaga. Umetoka, rudi kidogo kulia. Haya, achia.” Miezi yote hii wamekuwa wakiliendesha gari wawili, mmoja usukani na mwingine mguu, wanatupita mtaani nasi tunawapungia mikono. Alinieleza jioni ile akikunja nguo, bila hata kuona haya, kama anayenielekeza namna ya kutoa doa. Nilitaka kucheka, nikajikuta nimekaa sakafuni.

Akaniambia na jingine. Kila jioni anamvua Baba viatu na kumkagua nyayo, tangu siku alipomkuta na msumari mdogo umepenya soli na kuingia kisiginoni. Baba alikuwa ametembea nao tangu asubuhi, amepanda ngazi nao, amecheza bao nao, hajui. Daktari wa kliniki ya sukari aliwaambia wote wawili wazi kabisa kwamba gari sasa basi. Wakatoka pale, wakapanda gari, wakarudi nyumbani. Walikubaliana sisi watoto tusijue, nawe zaidi, maana wewe ndiye uliyelinunua.

Fundi alipokuja kunyoosha bampa nilimshika nikamwambia anionyeshe, maana sikuwa nalala. Nilitaka kujua gari linakwendaje wakati hakuna anayelikanyaga. Akaingiza gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu, kisha akainua miguu yote miwili akaikunja juu ya kiti kama mtu aliyekaa mkekani. Gari likaondoka lenyewe. Nilitembea pembeni yake mkono uko mlangoni, tunaongea kama watu wanaosindikizana. Mafundi wanauita sailensa ule muungurumo wa injini isiyokanyagwa, na akasema watu wanadhani injini pale imepumzika, kumbe iko kazini.

Nikaweka tofali mbele ya tairi, kwa sababu nilitaka nione linashindwa. Sauti ya injini ilishuka kidogo, nikasema sasa linazima. Halikuzima. Injini ikajiongezea mafuta yenyewe, sauti ikarudi, tairi likalipanda tofali na kushuka upande wa pili. Miguu ya fundi bado iko kitini. Akanieleza kwamba dizeli ndivyo ilivyo, haipendi kuzima, na gia ya kwanza ni ya nguvu. Ukiiwekea mzigo injini, inajitahidi. Na asubuhi ya baridi sailensa inakuwa juu zaidi mpaka ipate moto, kwa hiyo hata mwendo unazidi. Kisha akajaribu gia ya tatu vile vile bila mafuta, na gari likarukaruka kidogo likafa pale pale.

Nikamuuliza, na breki je? Baba si ana mguu wa kulia? Akasema mtu anayeamini klachi iko chini hana sababu ya kukandamiza breki. Anaigusa tu, na injini inabishana nayo. Baba alikuja kuikandamiza mwishoni kabisa. “Ingekuwa gia ya tatu,” akaniambia, “lingemzimikia hata kabla ya kumfikia mtoto. Kwenye gia ya kwanza haliachi mpaka likutane na kitu.” Alisema hivyo huku anafuta mikono, akaomba maji ya kunywa. Mimi maneno hayo bado yananizunguka kichwani.

Kazi yangu mimi pia ni ya mguu. Nimeshona miaka yote hii nikisengenyana na wateja, sijawahi kuitazama pedali, mguu unajua pa kukaa. Sasa nikianza mshono nainamisha kichwa kwanza nihakikishe upo. Mteja mmoja aliniuliza nimepoteza nini chini ya meza.

Utaniuliza nimefanya nini. Nilificha ufunguo, Jumanne ile ile. Baba hakufoka, na bora angefoka. Alitazama kwenye msumari wake ukutani, akatazama mifuko ya koti, hakumuuliza mtu. Kisha akavaa viatu vya safari akakaa kizingitini, akakaa hivyo hadi chakula cha mchana, na baada ya chakula akarudi kukaa. Kesho yake vile vile. Mama akaja na homa yake akaniambia nimrudishie, kwamba namuua mume wake. Anasema dereva mwenzake Baba, yule tuliyekuwa tukimwita Honi, wanawe walimshusha kwenye gari na hakuumaliza mwaka. Anasema ajali haina kinga. Nikamjibu kwamba hii inayo, na kinga yenyewe nimeifungia kwenye kopo la vifungo. Tulirushiana maneno ambayo sitayaandika, yeye akalia, nami nikautoa ufunguo. Niite mjinga, una haki.

Shemeji yako nilimwomba aongee na Baba. Akanikumbusha kwamba yeye ni mkwe na mdomo wake una kufuli mbele ya mzee. Basi nikaongea mwenyewe. Nilipiga magoti, nikasema Baba, nakuomba, Kitinda alikuwa afe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema kwa upole kabisa kwamba mimi ni binti mwema na nina haki ya kuogopa, lakini gari lile alipewa na mwanawe, na mwanawe akimwambia ashuke atashuka. Akaongeza kwamba hajasikia mwanawe akilalamika.

Kwa hiyo Mama alipopata nafuu Ijumaa wakatoka tena. Niliwatazama wakishuka na mtaa kwa mwendo ule, Baba amenyoosha shingo, Mama ameinama. Mbele yao kulikuwa na mwanamke ana mtoto mgongoni, anatembea katikati ya njia, hana habari. Nilishika nguzo ya lango mpaka wakampita. Nikimnyang'anya ufunguo naogopa, nikimwachia naogopa, na macho ya Mama yenyewe sasa yanaazima miwani.

Sasa nakuomba kitu. Mpigie Baba simu siku hiyo hiyo utakayopata barua hii. Usimwambie habari za mguu. Usimtaje daktari, wala Kitinda, wala mimi. Mwambie una shida na gari. Sema umepata mtu wa kulikodi huko, au mambo yamekubana unataka kuliuza, tunga unavyojua, wewe ndiye uliyesoma. Mwambie fundi atakuja kulichukua. Baba hajawahi kukunyima kitu tangu ulipozaliwa, na mimi mkubwa wako ni shahidi mwenye wivu. Atakuwa ameshautoa ufunguo mfukoni kabla hujamaliza kueleza. Nataka ashuke akijua amemsaidia mwanawe. Asishuke akijua ameshindwa na mguu wake.

Ni uongo, ndiyo. Mimi niliyekuwa nakuchapa ulipodanganya nani kanywa maziwa leo nakutuma uongo. Dhambi yake niandikie mimi, wewe uniachie baba na mtoto wakiwa hai.

Na ukishalichukua, usimwachie hapo. Mpigie mara kwa mara, muulize njia, muulize mambo ya malori, mbishie kidogo. Atakuwa amekaa kizingitini na viatu vyake, nami peke yangu simtoshi. Hilo nalo naliogopa, lakini hofu hiyo ninaweza kuamka nayo asubuhi.

Kwa sasa Kitinda nimempiga marufuku kusogelea lango gari likiwa linanguruma. Anapandia nje, barabarani, wakishatoka. Lango nafungua mimi. Ijumaa nilifungua, na kesho nitafungua. Nasimama pale pale alipokuwa anasimama yeye, ila mimi silipi gari mgongo. Nalivuta komeo huku natazama bampa. Mama huniinulia mkono kidogo, kisha anainama kazini kwake.

Mama anakusalimu sana na anasema upunguze kula nje. Kitinda anakusalimu, daftari zake tumezinyoosha kwa pasi. Fundi pia anakusalimu, yeye anajua nilichokuomba na yuko tayari. Shemeji yako akiamka atakusalimu. Baba nimemwambia nakuandikia habari za nyumbani. Amefurahi, akasema nikwambie gari lako ni zima, halijamsumbua hata siku moja, na ukija likizo usihangaike na usafiri, atakufuata mwenyewe kituoni.

Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya dari yako, na sisi atufikishe salama hadi simu yako iite.

Dada yako akupendaye,
niliye langoni.